Mwalimu Tacy Kratz: Ibada Iliyobaki Wazi

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuache asubuhi ile ya theluji, na kiti chako cha jikoni bado kiko pale ulipokisukuma ukiinuka. Baba hataki kiguswe. Binti yako Marian alipokuja Krismasi alikirudisha chini ya meza bila kufikiri, na mzee akanyanyuka, akakivuta tena nje kidogo, kisha akaendelea kumenya viazi kana kwamba hakuna lililotokea.

Tunakuandikia gazetini, mbele ya macho ya watu, tukijua ungetukataza. Hukupenda kusifiwa. Mtu akikusifu ulikuwa ukimuuliza, "Na hizo sifa zinamlisha nani?" Basi, Mama, leo zinatulisha sisi. Vumilia kidogo.

Mji mzima wa Harlan's Ford ulikujua kwa jina moja, Mwalimu Tacy, wakubwa kwa wadogo. Shule yenu ya Marafiki, Wakristo ambao wengine huwaita Wakweka, haina serikali wala askofu juu yake. Ina kamati tu, na kamati zenyewe hukaa kimya mpaka zikubaliane, jambo ambalo Baba, Mlutheri tangu tumboni, hajalielewa hadi leo. Wala hajazoea kwamba kwenu hakuna cheo, na kwamba mtoto wa darasa la kwanza anaweza kumsimamisha njiani na kumwita Emil tu. Ulifundisha darasa la tatu mpaka kichwa kikajaa mvi. Halafu wakakupa kazi uliyoipenda kuliko zote, ya kuwalea walimu wapya.

Uliwalea kwa njia yako. Uliingia darasani mwao taratibu, ukaketi nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yakikaribia masikio, bila kalamu wala karatasi, ukatazama. Kipindi kikiisha, mwalimu mpya alikufuata mpaka kwenye ngazi akitaka kujua amekosea wapi. Hukumwambia. Ulimuuliza swali moja tu, ukashuka zako.

"Mwalimu Tacy, nigombeze tu yaishe," kijana mmoja alikusihi siku moja. "Sema nimeharibu wapi."

"Yule msichana wa dirishani anaitwa nani?" ukamuuliza.

Hakujua. Kesho yake alijua. Kijana huyo ni Lowell, ambaye sasa ndiye mkuu wa shule, na kisa hicho hukisimulia mwenyewe kila mwaka bila kuona haya.

Kila Jumatano jioni walimu wako walikuja kwetu kula supu ya kuku na mahindi. Meza hiyo ilikuwa na sheria moja, mtu akileta shida yake, wengine wamuulize maswali, na mwenye ushauri aumeze na supu yake. Ulisema shida ya mtu ina mlango wake, na mwenye ufunguo ni yeye. Baba hakuruhusiwa mezani siku hizo kwa sababu ulimi wake haukuweza kujizuia. Aliketi sebuleni na mpira wake kwenye televisheni, lakini sikio lilikuwa jikoni.

"Mwambie apaze sauti!" alifoka kutoka huko, siku mwalimu mmoja aliposema watoto hawamsikilizi.

"Emil, hilo ni swali?"

Akapunguza sauti ya mpira. "Ndiyo. Kwa nini hapazi sauti?"

Meza nzima ilicheka, na wewe ulicheka kuliko wote, ukampelekea bakuli la pili.

Sikio lenyewe lilikuwa moja. La kushoto lilikufa zamani, miaka aliyokuwa fundi wa boila, na kwa hiyo maisha yenu yote ulikaa kuliani kwake. Garini, mezani, kanisani kwake, kitandani, hata kwenye picha ya harusi ya mwanao Joel. Sisi tulidhani ni mazoea tu ya wazee. Ni mwaka huu tumeelewa kwamba upande ule ulikuwa umeuchukua uwe kazi yako, na kwamba sasa hapana mtu wa zamu.

Wasioijua ibada yenu tuwaambie kidogo. Alhamisi kabla ya chakula cha mchana shule nzima huingia kwenye ile nyumba ya ibada yenye mabenchi tu, ikakaa kimya. Hakuna mhubiri, hakuna wimbo. Mtu akipata neno husimama akalisema, asipopata hukaa. Wala kengele haipigwi mwishoni. Aliyeteuliwa siku hiyo humgeukia jirani yake akampa mkono, na jirani naye humpa wa pili, na mikono ikaenea benchi kwa benchi. Ibada imefungwa, watu wakale.

Desturi hiyo ulikuja nayo mpaka nyumbani. Mlipogombana wewe na Baba, na mligombana vizuri, wewe ulinyamaza kimya chako cha Marafiki naye akanuna kwa namna ya mababu zake Wajerumani, na sisi watoto tukatembea kwa ncha za vidole tukijua kimya kingi kina mshindo. Halafu ulinyoosha mkono juu ya meza. "Imefungwa," ulimwambia. "Chakula kinapoa." Naye aliushika. Kila mara ulianza wewe. Hatukumbuki hata siku moja aliyoanza Baba.

Wa mwisho uliyemlea alikuwa Noemi Batista, binti wa Camden, ng'ambo ya mto, aliyekuja kwenu bila kuijua ibada ya kimya hata kwa kusikia. Wiki yake ya kwanza alikalishwa kando ya mtoto aitwaye Wendell, ambaye mbwa wake alikuwa amekufa. Wamekaa punde tu, mtoto akaanza kulia chinichini. Noemi, kama ambavyo mtu yeyote mwenye moyo angefanya, akamshika mkono. Jirani yao akaona mikono imeshikana, akampa wake aliyefuata. Kabla mkuu wa shule hajafumbua macho, wimbi lilikuwa limefika mlangoni na watoto walikuwa wanatoka wakishangilia, na jikoni hata maji hayajachemka.

Noemi alibaki kwenye benchi akiwa ameuficha uso. Alijua amefukuzwa. Lowell alisimama mbele bila kujua la kufanya, na wewe ukamwendea, ukampa mkono kama kawaida, naye hakuwa na njia ila kuupokea. Kisha ukaketi kando ya Noemi.

"Mkono wake ulikuwaje?" ukamuuliza.

"Wa baridi," akasema.

"Ahaa," ukasema, na mpaka unakufa hukulitaja tena jambo hilo.

Halafu ikaja Februari. Uliinuka mezani kwenda kuchukua koti, ukaanguka kabla ya kulifikia, na madaktari walipokuja hawakuwa na kazi. Tulikuzika. Mwezi uliofuata Marafiki wakakufanyia ibada ya kumbukumbu, na walimu uliowalea walikuja mpaka kutoka majimbo ya mbali, wakasimama mmoja baada ya mwingine wakisema uliwauliza nini. Baba aliketi mbele. Karibu na mwisho alisimama naye. Watu wakadhani ana neno, wakamsubiri. Akapita katikati ya mabenchi, akafungua mlango, akatoka.

Joel alimkuta garini, injini imezimwa, vioo vimejaa ukungu wa pumzi.

"Baba, rudi. Imebaki kidogo tu."

"Ndiyo maana nimetoka," akasema. "Wakishikana mikono, basi amekwisha. Mimi sifungi kitu."

Akakaa humo mpaka watu walipotawanyika. Toka siku hiyo hakukanyaga tena shuleni, wala kanisani kwake, wala kwenye kibanda cha mikate ambako alikuwa akibishana na wazee wenzake kila Jumamosi. Vyungu vya chakula vya majirani vilikuja mwezi mmoja, kisha vikakoma, kama ilivyo kawaida ya vyungu. Sisi tulimpigia simu. Alisema hajambo. Ukimuuliza amekula nini, anasema mkate. Ukimuuliza jana je, anasema mkate. Dukani alikuwa ananunua maandazi mawili bado, lake na lako, na lako alilitupia ndege asubuhi, na ndege hao ndio pekee walioisikia sauti yake siku nzima. Tuseme ukweli, Mama, tulichokuwa tunakiogopa ni kwamba anakufuata, polepole, bila kuugua ugonjwa wowote.

Mwezi Novemba mlango uligongwa. Jumatano.

"Nani?"

"Noemi. Nimeleta sufuria."

"Sufuria gani?"

"Ya Mwalimu Tacy. Aliniazima." Alikuwa amekaa nayo tangu majira ya baridi yaliyopita, akiona haya kuirudisha.

Baba alifungua mlango, akaichukua, akachungulia ndani. "Tupu," akasema.

"Samahani?"

"Chombo cha watu hurudi na kitu, binti. Kwenu Camden hamkufundishwa?"

Noemi alibabaika. "Nina vitunguu garini. Nilikuwa natoka dukani."

"Vitunguu ni mwanzo. Ingia, unaniingizia baridi."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wamesema waliotutangulia. Huyu mgeni mwenyewe alikuwa mgonjwa kuliko mwenyeji. Walikata vitunguu, wakamkuta kwenye friza kuku uliyemgandisha wewe, na tunakushukuru kwa huyo pia. Supu ilipoanza kuchemka, Noemi aliketi kwenye kigoda, akaanza kumweleza yote. Kwamba ameamua kuacha kazi kabla ya Krismasi. Kwamba Lowell anamlea sasa, na ushauri wake ni mzuri, na kila siku upo mwingine mzuri zaidi, mpaka usiku anaota ushauri. Alisema kwa muda mrefu huku machozi yakimtoka, na Baba anakoroga supu, anaitikia kwa kichwa.

Alipomaliza, Baba akageuka. "Ulikuwa unasema kitu?"

"Nimesema yote!"

"Umekaa upande uliokufa, binti. Njoo huku. Anza upya."

Noemi alicheka huku analia. Akahama, akaanza upya, na safari hii hayakuwa mengi. Watoto hawakuwa shida. Hata Lowell hakuwa shida.

"Hakuna anayekaa nyuma," akasema. "Kile kiti kidogo kiko palepale. Nikiandika ubaoni nageuka, nakikuta kitupu. Nafundisha ukuta."

Baba alikitazama kiti chako, kile kilichosukumwa nje. Yeye si mwalimu, na busara hana nyingi, unamjua.

"Mimi ni fundi wa boila," akasema mwishowe. "Boila likikataa, unalipiga teke."

"Hilo si swali, Emil."

Akafikiri. "Umeshajaribu teke?"

Hivyo ndivyo Jumatano ilivyorudi nyumbani kwetu. Noemi alisema atangoja theluji iyeyuke ndipo aamue. Hakuacha kazi Krismasi. Baba alianza kununua kuku. Tulipompigia simu siku ya Jumatano alituambia kwa haraka kwamba ana mtu, tumpigie kesho, na Marian alikata simu akalia, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mzee kuwa na haraka.

Lakini siku sita zilizobaki zilikuwa zilezile. Mkate, ndege, na kimya ambacho hapana aliyekinyooshea mkono. Alituambia hivyo mwenyewe, yeye asiyesema. Kimya cha watu wawili anakijua, alisema. Hiki cha mtu mmoja hakina mwisho wake, unalala nacho unaamka nacho.

Mwezi huu wa Februari ulipoingia, kamati ilimteua Noemi kufunga ibada ya Alhamisi ya wiki ya kumbukumbu yako. Alimwambia Baba hayo wakila supu.

"Njoo," akasema.

"Siji."

"Kwa nini?"

"Nina shughuli."

"Shughuli gani?"

"Ndege."

Noemi akauliza kama ambavyo ungeuliza wewe, bila kumwinamia na bila kumwonea huruma. "Emil, unaogopa nini?"

Supu ilipoa mbele yao. Baba aliikunja leso, akaikunjua.

"Naogopa mkono wako," akasema. "Ukiutoa, umemfunga. Na nikirudi hapa sitakuwa na cha kungoja."

Noemi hakumshauri. Hakumwambia atajisikia nafuu, wala kwamba muda huponya, wala lolote kati ya yale tuliyomwambia sisi wanawe mwaka mzima. Alimuuliza jambo moja. "Nikikaa kuliani kwako?"

Alhamisi Baba alikwenda. Alivaa lile koti la kahawia ulilotaka kuligawa. Watoto walimlaki mlangoni.

"Emil, umezeeka," alisema msichana mmoja.

"Na wewe umeng'oka meno," Baba akamjibu. "Wote tumepata hasara."

Wakaingia. Akaketi benchi la pili, na Noemi kuliani kwake, mikono mapajani. Kimya kikashuka. Mtoto mmoja alisimama akasema Mwalimu Tacy alimfundisha kufunga kamba za viatu, akaketi. Wendell alisimama, akasahau neno lake, akaketi pia. Baada ya hapo hapakuwa na mwingine. Harufu ya makaroni ya jibini ikaanza kuingia kutoka jikoni, ambayo kwa kawaida ndiyo huleta mkono.

Mkono haukuja. Watoto walianza kugongagonga mabenchi kwa viatu. Lowell aliitazama saa yake, kisha akaificha kwa kiganja, akaona haya. Makaroni yalikuwa yameshapakuliwa. Noemi alikuwa ametulia kabisa, macho mbele, mikono palepale. Baba alidhani amesahau. Kisha akadhani ameogopa. Mwishowe akatambua kwamba binti huyu hatafunga, hata shule nzima ishinde na njaa mpaka jioni, na kwamba hangoji saa wala harufu. Alikuwa anamngoja yeye.

Alikasirika, alituambia. Nusura asimame atoke, kama mwaka jana, na mlango aliujua ulipo. Lakini upande wake wa kulia, upande unaosikia, alisikia mtu anapumua. Mwaka mzima hakuwa amesikia mtu anapumua karibu naye katika kimya. Alisikia matumbo ya watoto yakinguruma na mabomba ya kupasha nyumba joto yakigonga, yana hewa ndani, watu wa huko hawajui kuyatoa hewa. Alisikia hayo yote, akakutafuta wewe ndani yake, na hukuwamo. Akasema hapo ndipo alipolia, mbele za watu, akiwa ameuacha uso wazi.

Halafu Baba yetu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuanza, akaunyoosha mkono wake juu ya benchi.

"Imefungwa," akamwambia Noemi. "Chakula kinapoa."

Noemi akaushika. Na mikono ikaenda benchi kwa benchi mpaka mlangoni, ikakufunga, Mama, polepole, kama ilivyotakiwa.

Alikula makaroni yaliyopoa pamoja na darasa la tatu. Alipofika nyumbani alitupigia simu, Joel kwanza, kisha Marian, bila kuwa tumempigia sisi. Alisema nyumba ni kubwa. Alisema amelia tena. Alisema Jumatatu anakwenda shuleni kutoa hewa kwenye yale mabomba, na kwamba Noemi amemwonyesha kiti kidogo kilichoko nyuma ya darasa lake, naye amemwambia magoti yake hayakunjiki hivyo, na kwamba wamekubaliana kuleta kigoda kutoka hapa jikoni.

Kiti chako hakijasogezwa. Hilo tumeliacha, na usituulize.

Unakumbukwa na mumeo Emil, anayekukosa upande wa kulia. Na wanao Marian na Joel. Na mkweo Paula. Na wajukuu zako Silas na Greta, ambao siku hizi wanapeana mikono wakimaliza kugombana. Na dada yako Phebe. Na walimu wote uliowaketia nyuma, wa mwisho wao Noemi, ambaye theluji imeanza kuyeyuka na hajasema anaondoka.

Imefungwa, Mama. Kukukumbuka hatujamaliza, wala hatutamaliza.